Amri ya Mkono Uliokuwa Ukianguka

Kaka yangu Mbaruku alipokuwa akianguka, nyumba ilidhani anaamuru.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, kama kuna kitu humu mwetu kinachoweza kusemwa kuwa kilianza. Alikuwa amesimama ukumbini. Akashika kifua, akautafuta ukuta kwa kiganja chote, vidole vitano vimetanuka, na kiganja kikateleza naye kutoka usawa wa uso wake hadi sakafuni. Ukuta ukasoma. Ukuta husoma kila kitu, haujui kupuuza. Taa zote zikawaka hadi mwisho wa nguvu zao: za vyumbani, za jikoni, za bafuni, za kwenye ngazi isiyokwenda popote. Mapazia yakajifunga. Feni zikaanza kuzunguka, birika likaanza kuchemka, joko tupu likaanza kupata moto. Mbaruku alikuwa ameshakufa, na amri yake ndiyo kwanza inatekelezwa.

Sijui kiganja kile kiliamuru nini. Labda kwa lugha ya kuta, vidole vitano vinavyoteleza kwenda chini maana yake ni washeni vyote na msizime tena. Labda hakikuamuru chochote, ila nyumba, kwa utiifu wake, haikuweza kuamini kwamba bwana wake anaweza kugusa bila kutaka kitu. Mimi naamini hili la pili, na linanitia hasira kuliko la kwanza. Mtu anaanguka, anatafuta pa kushika kama mtu mwingine yeyote, halafu sisi tuliobaki tunaishi ndani ya kuanguka kwake na kukuita sheria. Nimejiuliza mara nyingi ni amri ngapi duniani zilizotolewa hivyo. Nimeuliza kuta. Zinanimulika tu.

Katika mji huu, ambao siutaji jina kwa kuwa sijaona mwingine wa kuutofautisha nao, nyumba hazina swichi. Ukuta wenyewe ndio swichi. Unagusa kwa kidole kimoja, taa inawaka. Unapapasa kwenda juu, mwanga unaongezeka. Vidole viwili ni feni, na ukigonga kidogo karibu na mlango wa jikoni, maji yanachemka. Nyumba haisumbuki na alama za vidole, kwa sababu hizo huibwa. Inaujua mkono kwa namna unavyogusa: uzito wake, joto lake, unavyosita kabla ya kubonyeza. Siku nyumba yetu ilipowekewa kuta hizo, fundi aliuliza ifundishwe mikono mingapi. Mbaruku akasema mmoja.

Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo taabu ya kumsimulia Mbaruku, kila ukitaka kumlaumu unakumbuka alivyokufunika shuka ulipokuwa na homa. Baba alipofariki yeye ndiye aliyetushika. Alitupenda, na alipenda tumhitaji. Tukitaka mwanga tulisema, "Kaka, tunaomba taa," naye akaja taratibu na kandambili zake, akagusa, akatabasamu. Mama yetu, Bi Tatu, aliyemzaa yeye, alimwomba taa. Mke wake Mwanahawa alimwomba moto wa kupikia. Mimi niliomba feni, mtu mzima na ndevu zangu. Siku moja nilijikuta chooni gizani, nimetulia, namsubiri arudi kutoka sokoni, na haikunijia hata kidogo kwamba kuna jambo la ajabu hapo.

Tulikuwa tunafanana, mimi na yeye. Sauti zetu zilikuwa moja kiasi kwamba Mama mwenyewe, tukimwita kutoka chumba kingine, alikuwa akisema, "Nani huyo, njoo nikushike." Alitutofautisha kwa mikono. Wa Mbaruku ulikuwa mzito na wa pole. Wangu ulikuwa mwepesi, hautulii. "Huu wa Shaweji," alikuwa akisema na kucheka, "mkono una wasiwasi utadhani umeiba." Sikujua wakati ule kwamba hiyo ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo.

Tukamzika siku ileile, maana kwetu maiti hasubirishwi. Wanaume wakaja, akaoshwa, akavishwa sanda, mikono ikalazwa ubavuni, na alasiri haijaingia alikuwa ameshafukiwa. Kila mtu aliona taa zinawaka mchana kweupe, na kila mtu alidhani ni kwa ajili ya msiba. Wageni walikunywa kahawa chini ya mwanga ule wakasema marehemu hakupenda mtu akae gizani, hata leo. Ni pale walipoondoka, Mama alipotaka kulala, ndipo mimi na Mwanahawa tulipotazamana.

"Zimeni taa basi," Mama alisema kutoka kitandani.

Nikagusa ukuta. Mwanahawa akagusa ukuta. Nikagusa kwa kidole, kwa kiganja, kwa ngumi. Taa hazikutikisika.

Fundi aliyekuja aliitwa Kondo, mtu mnene mwenye subira, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa."

"Kazi yenyewe ndogo hii," akasema, akipapasa ukuta kwa mgongo wa kidole. "Mkono uko wapi?"

"Mkono gani?"

"Wa mwenye nyumba. Kufundisha mkono mpya lazima mkono wa zamani uridhie. Unagusa hapa, basi. Hata akiwa mgonjwa, namshikia mimi mwenyewe."

"Fundi, si tumekwambia ni msiba wake? Tumemzika."

"Na mkono?"

Nikamtazama. "Ulitaka tumzike nusunusu?"

"Sikukusudia hivyo, ndugu yangu, usinielewe vibaya. Ila mngeniita kwanza. Watu wa hapa mna haraka sana na maiti. Angekuwa na joto kidogo tu, ingetosha."

"Kata umeme basi, tukae na vibatari."

"Umeme nakata sasa hivi, ukitaka. Ile mashine ya hewa ya mama yenu inatumia waya upi?"

Mapafu ya Mama yalishachoka kabla ya haya yote. Mashine inayompa pumzi imejengewa ndani ya ukuta, nyuma ya kichwa cha kitanda chake, na bomba lake jembamba linaingia puani mwake. Fundi Kondo aliutazama ukuta ule kwa muda, akatikisa kichwa. Waya ni mmoja. Mbaruku alitaka vitu vyote vya nyumba viwe pamoja, aone kila kitu kwa kugusa mahali pamoja. Waya unaompa Mama hewa ndio huohuo unaomnyima usingizi.

"Sasa?" nikamuuliza fundi.

"Sasa ndiyo hivyo." Alikuwa anavaa viatu. "Nyumba haijui kifo, mwanangu. Inajua mguso. Akitokea mtu wa kugusa kama yeye, kwa nyumba huyo ndiye yeye." Kisha akaaga, akatutakia subira, akaenda zake kwenye giza lake.

Sitaki kusema ni muda gani umepita tangu hapo, kwa sababu sijui, na kwa sababu muda unahitaji jua kuchwa. Mapazia hayafunguki. Mwanga ni uleule. Kuna mlo tunaouita cha asubuhi kwa sababu ndani yake mna chai. Wakati mwingine nahisi mazishi yalikuwa juzi, wakati mwingine nahisi bado hatujazaliwa na nyumba imewashwa inatungoja. Kivuli changu kimekonda kwa kuwa taa zinakishambulia kutoka kila upande. Birika linachemka, linakauka, nalijaza, maana likikauka linapiga kelele. Siku nzima, kama ni siku, mimi ni mtumwa wa birika la maiti.

Tulitundika kanga kwenye dari la chumba cha Mama. Nyumba ilihisi mwanga umepungua, ikaongeza. Tukatundika mbili, ikaongeza tena, hadi kanga zikaanza kunuka kuungua. Mwanahawa akataka kumfunga Mama kitambaa machoni.

"Toa hicho," Mama alisema. "Nitafungwa macho na wengine, siku nikishindwa kuyafunga mwenyewe. Bado sijafika huko."

Lakini macho yake yalikuwa yameshachoka. Yalikuwa yakichuruzika machozi, yakawa mekundu, na mwishowe akayafumba asiyafumbue tena, ingawa hakulala. Mwanga ulimfuata ndani ya kope. Alikuwa anajua kwamba anakufa, na alilisema hilo bila kulipamba.

"Shaweji, mwanangu, sikiliza. Nataka giza, na nataka mtu wa kunishika mkono. Sina ombi la tatu. Sitaki kufa huku namulikwa kama mwizi."

Nilimwahidi. Nilitoka chumbani mwake nikalia ukumbini, mahali palepale Mbaruku alipoangukia, na hata machozi yangu yalikuwa yanametameta kipumbavu kwenye mwanga ule.

Mtu pekee aliyeujua mguso wa Mbaruku alikuwa Mwanahawa, ingawa mkono wake mwenyewe haukuwa na uzito wa kuudanganya ukuta. Naye alikuwa edani. Alikaa chumbani mwake, nguo nyeupe, na mlangoni tumetundika pazia, na mimi si maharimu wake. Nisingeweza kumpa mkono aniongoze vidole, naye asingekubali, na sikuthubutu kuomba. Nilisimama upande wangu wa pazia nikamweleza alichosema fundi.

"Shemeji," akasema mwishowe, "nenda kakande unga. Unga wa chapati. Uwe laini."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuwa kaka yangu. Nilikanda unga, nikauweka donge kwenye sinia, nikaubonyeza, nikalisukuma sinia chini ya pazia. Upande wa pili yeye aliweka vidole vyake ndani ya mashimo niliyoyaacha, akapima.

"Sivyo. Umebonyeza utadhani unaogopa unga utakuuma."

Nikakanda tena.

"Sivyo. Mbaruku alikuwa anaanza na kidole hiki cha kati. Halafu anangoja kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka. Halafu kiganja chote kinakuja chenyewe."

Sinia likaenda, likarudi. Safari nyingine alirudisha donge likiwa na alama zake yeye, akiniigia Mbaruku, nami nikaweka vidole vyangu ndani ya zile. Nilikuwa napokea mguso wa mume kupitia kwa mke bila kumgusa yeyote kati yao. Unga ulikuwa na vuguvugu la mkono wake. Nikaona haya, nikaendelea.

"Alikuwa ananigusa hapa begani," akasema nyuma ya pazia, na sijui kama alikuwa anazungumza na mimi, "ninapokuwa nimekasirika. Hasemi kitu. Anaweka tu mkono mpaka nashindwa kukumbuka kosa lake. Mzito hivi, Shemeji. Lakini hauumizi. Weka uzito bila kuumiza."

Ewe Ukuta. Nilikuwa naongea nawe katika siku hizo, unakumbuka? Nilikuuliza: unapomtii mtu, unamtii yeye au unaitii tabia yake? Na tabia yake ikikaa kwa mwingine, yeye amekwenda wapi? Nikakuuliza tena: mimi Shaweji nimeishi humu maisha yangu yote, nimekuegemea, nimekuegemezea kichwa nikiwa na homa, nimekupiga mateke utotoni. Yote hayo hukuyasoma? Mkono wangu kwako ulikuwa nini, mbu?

Nilivaa kandambili zake ili nitembee kama yeye, kwa sababu mkono huanzia miguuni. Nikajifunza kula polepole. Nikajifunza kutokukuna kidevu. Kidole changu cha kati kikaanza kwenda mbele ya wenzake hata ninaposhika kikombe. Wasiwasi ule aliokuwa Mama akiucheka ukatoka mkononi, siku hadi siku, na sikuuona ulikopita. Kilichobaki ni uzito wa pole, usio na haraka, unaosita kidogo. Niliutazama mkono huo na nikaupenda, Mungu anisamehe. Ulikuwa mkono wa mtu anayeombwa.

Kisha safari moja sinia halikurudi. Nilingoja. Nikasikia Mwanahawa analia, kwikwi za chini, za mtu aliyefunika uso ndani ya nguo.

"Shemeji?"

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu. Usiniletee unga tena."

Nikaenda chumbani kwa Mama. Kitanda chake kiko upande wa mashine, na ukuta wa upande huo, kwa kuwa umejaa vyuma, hausikii mguso. Ukuta unaosikia ni ule wa mlangoni, upande wa pili wa chumba. Nilisimama mbele yake. Kidole cha kati. Nikangoja, kama mtu aliyesahau alichotaka. Kiganja kikaja chenyewe, nacho nikakishusha taratibu.

Nyumba ilisita. Niliihisi ikinifikiria. Halafu taa zikashuka, zikashuka, zikazima. Feni zikasimama. Birika likanyamaza jikoni, na ukimya ukawa mkubwa hadi nikasikia mashine ya Mama ikivuta na kutoa, yenyewe haikuguswa na amri yangu. Giza lilikuwa zuri. Siwezi kulieleza kwa mtu ambaye hajanyimwa. Nilicheka peke yangu kwa sauti, nikainua mkono nijipanguse uso.

Taa zikawaka zote.

Nikagusa tena, zikazima. Nikainua, zikawaka. Ndipo nilipoelewa, na nikaelewa bila fundi. Kwa nyumba hizi, amri huisha kutolewa mkono unapoinuliwa, na amri ambayo bado inatolewa huishinda kila iliyokwisha kutolewa. Mkono wa Mbaruku haukuinuliwa kamwe. Ulitelezea sakafuni ukabaki umegusa ukuta hadi tulipokuja kumbeba, na wakati huo ulikuwa umepoa, si mkono tena. Kwa hiyo amri yake haijaisha, na haitaisha. Yangu, amri ya aliye hai, itadumu kwa kadiri ninavyoweza kusimama.

Nikaurudisha mkono ukutani. Giza likarudi.

"Mbaruku?" Mama akaita.

Angeniuliza jambo jingine lolote ningejibu ukweli. "Naam, Mama."

"Umekuja kunizimia taa."

"Naam."

"Mungu akubariki. Siku zote wewe." Pumzi yake ilikuwa imeanza kukatika vipandevipande, ile tunayoijua sote tukiisikia, na mashine ilikuwa inampulizia hewa asiyoihitaji tena. "Sasa niitie mdogo wako. Niitie Shaweji. Aje anishike mkono."

Maisha yangu yote nilikuwa nimengoja niitwe mimi kwanza. Nilinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kitandani, kiganja cha kulia kimebaki ukutani, nikajinyoosha hadi bega likalia. Vidole vyangu vilishika hewa. Nikaita Mwanahawa. Alikuja gizani akipapasa, akakaa upande wa pili wa kitanda, akaanza kumsomea Mama shahada sikioni na kumdondoshea maji mdomoni kwa pamba. Akamshika mkono.

"Huu wa Mwanahawa," Mama akasema. "Ahsante, mwanangu. Shaweji yuko wapi?"

"Yupo, Mama," Mwanahawa akasema.

"Mbona haji?"

Simlaumu mtu. Nataka tu ijulikane kwamba nilifikiri. Nilifikiri kwa haraka na kwa uchungu kuliko nilivyowahi kufikiri chochote: giza au mkono, giza au mkono. Mambo mawili aliyoyataka, na mimi mmoja. Giza ningeweza kumpa nikiwa Mbaruku. Mkono ningempa nikiwa mwenyewe. Na yeye alikuwa ananiita mimi, kwa jina langu, kwa sauti iliyokuwa inapungua. Nikaona kwamba mtu anaweza kufa katika mwanga akiwa ameshikwa na mwanawe, watu wamekufa katika hali mbaya kuliko hiyo.

Nikauachia ukuta.

Taa zikamiminika. Mwanahawa akajifunika uso. Birika likaanza tena jikoni. Mama alikunja uso, kope zikakaza, akatoa sauti ndogo ya maumivu, na mimi nilikuwa nimeshafika, nimepiga magoti, nimeuchukua mkono wake wa kulia na kuuweka ndani ya wangu.

"Mama, nimekuja. Mimi Shaweji."

Alitulia. Vidole vyake, vikavu, vilianza kutembea juu ya mkono wangu kama zamani: kwenye vifundo, kwenye kiganja, kwenye kidole cha kati. Vikapima uzito. Nilijaribu kuurudisha wasiwasi wangu. Nilijaribu kuutikisa mkono, kuufanya mwepesi, kuufanya uibe. Ulikaa ndani ya wake, mzito, wa pole, usio na haraka.

"Baba," akasema kwa upole, upole aliokuwa akimpa Mbaruku tu, "usinidanganye. Nimekuomba Shaweji."

Mwanahawa alikuwa ananitazama. Taa zilikuwa zinawaka.

"Anakuja, Mama," nikamwambia, na tukamngoja.